Daktari wa Bahari Aliyeishi Makambako

Sauti ilitangulia. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vibaraza vya maduka ya mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe, na ndani ya weupe ule ikasikika spika ya gari la matangazo, lile ambalo siku nyingine hutangaza mbegu za viazi na mikutano ya injili. Safari hii ilianza na wimbo wa kwaya, wimbo ukakatwa katikati, kisha mwanamume akakohoa na kusema kwamba daktari mstaafu wa Makambako, mzaliwa wa Wanging'ombe, ametutoka, na mazishi ni kesho. Muuza mkaa niliyekuwa nimesimama naye akauliza, "Daktari yupi? Yule wa parachichi?" Mwanamke mmoja nyuma yetu, ambaye sikumwona uso, akajibu, "Yule wa bahari." Ndipo gari lenyewe likatokea, taa zikiwaka, likapita polepole na kumezwa tena na ukungu. Jina lake sitaliandika. Safu hii haina desturi ya kutaja majina, na yeye hakuwa mtu wa kupenda jina lake litembee kuliko miguu yake.

Daktari wa bahari, Makambako. Msomaji wa mbali atacheka, kama wengi wetu tulivyocheka. Sisi ni watu wa nyanda za juu. Maji yetu ni mito baridi na mabwawa ya samaki wa kufuga, na mtoto wa kijiji cha Yakobi anaweza kumaliza shule bila kuona maji yasiyo na ng'ambo. Marehemu alikuwa amesomea nchi za nje tiba ya watu wanaofanya kazi chini ya bahari, wale ambao maji huwabana na kuwaachia, na mara nyingine huwaachia vibaya. Akaifanya kazi hiyo pwani mpaka alipostaafu, akarudi na mkewe kulima parachichi. Majirani walimtania kila walipompita. "Dokta, nyangumi wa Makambako wanaendeleaje?" Naye alijibu bila kutabasamu, "Wamelazwa, lakini wanakula." Nilimsikia mtu mmoja akisema kwa huruma kwamba elimu ile imekuwa kama koti zito lililonunuliwa na mtu anayehamia Dar es Salaam. Sikumpinga, maana nami niliona hivyo.

Kifo kingine ndicho kilichonikutanisha naye. Mama yangu mkubwa alifariki ghafla kule Yakobi, miaka michache iliyopita, na mwanawe wa pekee alikuwa pwani. Kaka yangu huyu alikuwa mpiga mbizi. Kikosi chao kilishuka chini ya magati kukagua nguzo na kuziba nyufa, wakivuta hewa ya mitungi waliyobeba mgongoni. Simu ya msiba ilimkuta ametoka tu majini jioni, baada ya kushinda siku nzima huko chini. Alifanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya: alfajiri alikuwa kwenye basi. Kwetu mtoto haambiwi mara mbili kwamba mama yake anazikwa. Anakuja, na kaburi halifukiwi mpaka ametupa udongo wake. Basi lilipoanza kuupanda mlima wa Kitonga kwa kuguna, kiwiko kikaanza kumuuma. Mafinga ikawa mabega. Makambako ngozi ya tumbo ikamwasha na miguu ikawa mizito kama imevaa matope. Tulipokwenda kumpokea stendi ya Njombe alisimama mlangoni mwa basi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaangukia mikononi mwetu.

Hapo tulikosea, na tulikosea kwa upendo. Sisi tunajua jinsi msiba unavyokata miguu. Tumewaona wanaume wazima wakibebwa kama magunia kutoka kwenye gari hadi kwenye majani ya uwanja wa nyumba yao. Kwa hiyo tulimbeba tukilia naye. Wanawake wakamvua viatu, wakamkanda kwa maji ya moto, wakamlaza karibu na jiko la mkaa, na kila alipojaribu kusema kwamba haisikii miguu yake, shangazi alimjibu, "Tunajua, baba. Tunajua. Na sisi hatuisikii yetu." Kulipokucha alikuwa hajakojoa tangu jana yake, tumbo limejaa, na shangazi alipomfinya kidole cha mguu hakushtuka. Ndipo kilio kikakatika nyumba nzima, tukatafuta gari.

Hospitalini alipokelewa na daktari kijana, naye namheshimu mpaka leo. Alimpima, akamuuliza kazi yake. "Hii si huzuni," akasema. "Nadhani ni ugonjwa wa wapiga mbizi, ila sijawahi kumwona mtu mwenye ugonjwa huu. Atafutwe bingwa. Mimi natafuta, na ninyi tafuteni." Nikakaa kwenye benchi la nje na simu yangu. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilinielekeza kwa nyingine, nyingine ikanipa namba ya idara ya uvuvi, na bwana wa uvuvi akaniuliza kwa upole kama mgonjwa ni mtu au samaki. Mwishowe muuguzi mmoja wa pwani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashangaa. "Unapiga kutoka Njombe? Mwalimu wetu yuko huko huko kwenu, dada. Nenda Makambako, uliza daktari mwenye parachichi."

Simu ya daktari huyo iliita bila kupokelewa, nikapata lifti ya lori la mbao. Makambako palikuwa na jua na ule upepo wake usiokaa kimya. Nilimkuta mkewe akipanga parachichi kwenye kreti. Nikamsalimu, "Kamwene, mama. Namtafuta daktari wa wapiga mbizi." Aliacha kupanga. Akainua uso kuelekea kwenye mti. "Baba! Shuka. Amekuja mtu wako."

"Mtu gani?" ikauliza sauti kutoka kwenye majani.

"Mtu wa bahari."

Gambuti zikaanza kutafuta ngazi. Mama akanigeukia. "Tangu tuhamie hapa namwambia atafute kitu kingine cha kujivunia," akasema, "na leo umekuja kuniumbua." Alikuwa akitabasamu, lakini mumewe alipofika chini hakutabasamu.

"Alitoka majini lini?"

"Juzi jioni, Dokta."

"Akaondoka pwani lini?"

"Jana alfajiri. Kwa basi."

Alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Nani amemruhusu kupanda milima?"

"Mama yake amefariki, Dokta. Tunazika leo. Msiba hauombi ruhusa."

"Kweli, hauombi," akasema, akivua glavu zake. "Pole sana, binti. Twende."

Njiani yeye aliendesha na mimi nikashika simu mbele ya mdomo wake, naye akamwelekeza yule daktari kijana: oksijeni kwa barakoa, isikatwe hata mgonjwa akisema imemchosha, alale chali, apewe dripu, mkojo utolewe kwa mpira. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza mboga, lakini hakupunguza mwendo hata kwenye kona.

Tulipofika, gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama nje ya wodi likiwa na godoro nyuma. Mjomba wetu, mdogo wake mama mkubwa na mzee wa kanisa, alikuwa amevaa koti lake la mazishi na kofia. "Mwanangu, mmechelewa," akaniambia. "Mchungaji anasubiri. Tunamlaza kwenye godoro, anamtupia mama yake udongo, kisha daktari amfanye anavyotaka."

"Makaburi yenu yako wapi, mjomba?" akauliza daktari.

"Kilimani, juu ya Yakobi."

"Juu."

"Juu. Tangu babu zetu."

"Kila tunavyopanda naye, tunamnyang'anya miguu."

Mjomba alizitazama gambuti zile zenye matope. "Dokta, nimezika baba, nimezika mama, sasa namzika dada yangu. Usinifundishe msiba."

"Sikufundishi. Unaujua ulanzi?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sijauliza kama unakunywa. Nimeuliza kama unaujua."

Vijana waliosimama kwenye gari walitazama chini wasicheke. Mjomba akakubali kwamba anaujua. Daktari akamuuliza inakuwaje dumu la ulanzi uliochachuka likizibwa kabisa, kisha likafunguliwa ghafla. "Unatapakaa nyumba nzima," akasema mjomba. Na anayejua hufanyaje? "Analegeza kifuniko kidogo kidogo. Analiacha lipumue."

"Basi kijana wako ndiye hilo dumu," akasema daktari. "Huko chini alivuta hewa iliyobanwa na maji, ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Alipaswa kukaa pwani, imtoke taratibu. Amekuja huku juu, hewa nyepesi, tumefungua kifuniko mara moja. Sasa ndani yake kuna povu, na povu limekaa kwenye uti wa mgongo. Kuna chumba cha hewa iliyobanwa, kisiwani huko pwani, kinachoweza kulirudisha. Akiwahi, atatembea. Akipelekwa kilimani kwanza, sikuahidi kitu."

Kaka alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Akainua barakoa. "Dokta, niache nimtupie mama udongo. Miguu mtaikuta baadaye."

"Hatutaikuta," akajibu daktari. "Rudisha barakoa."

Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mtoto asiyemzika mama yake hubeba jambo hilo maisha yake yote, na watu humsaidia kulikumbuka. Baadaye daktari alinieleza kwa nini aliishia hapo. Alijua habari za hewa, habari za kaburi zilikuwa za wenye msiba. Mjomba aligeuka, akaondoka, nikadhani amekasirika. Nikamwona akiinama kwenye bustani ya maua ya hospitali, mzee mzima, akifukua kwa vidole. Alirudi dirishani na udongo mwekundu ndani ya kofia yake. "Shika," akamwambia kaka. "Ushike mpaka upate joto la mkono wako. Nitaupeleka mimi, na nitasema ni wako." Kaka akaushika kwa mikono yote miwili, barakoa ikijaa mvuke wa kilio. Kisha mjomba akaupokea, akafunika kofia kwa leso, akaenda kuzika kichwa wazi katika baridi ile.

Ndugu mmoja alipiga simu akitaka kuomba ndege ya wagonjwa. Daktari akamshukuru na kukataa, maana ndege nayo hupanda. Gari la wagonjwa likaondoka na mitungi ya oksijeni, yeye mwenyewe ameketi kichwani pa mgonjwa, bado na gambuti. Mimi nilibaki kuzika; yaliyofuata nilisimuliwa na kaka. Njia nzima mzee yule alibadilisha mitungi, akaomba mingine kwenye hospitali za njiani, akamkataza kuinuka. Walipomaliza kuteremka Kitonga, pale joto linapoanza kuingia garini, kaka akasema, "Dokta, kidole gumba cha mguu kinawaka." Daktari akamwomba dereva asimame. Akashuka, akasimama kando ya barabara akiwa amewageuzia mgongo, kisha akarudi na kusema waendelee. Huko kisiwani kaka aliingizwa kwenye chumba cha chuma, mfano wa tangi lililolazwa, kikajazwa hewa mpaka mwili wake ukaamini umerudi chini ya bahari, na akapandishwa tena kwa mwendo wa konokono. Siku ya pili vivyo hivyo, na siku nyingine nyingi. Alirudi kwetu baada ya miezi akitembea kwa fimbo, na kitu cha kwanza alichotaka kuonyeshwa ni mahali kofia ya mjomba ilipomwagwa. Mbizi hakurudia. Akajifunza kazi ya kuzungusha koki za hewa za chumba kile kile.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita Makambako sikosi kusimama kwa daktari. Siku moja, tukichambua parachichi, nilimuuliza kama hajuti kurudi mahali ambapo elimu yake inatumika mara moja katika maisha. Aliligeuza tunda mkononi kwa muda. "Wapiga mbizi wangu niliwaonya kuhusu ndege kila siku," akasema. "Basi la abiria nililisahau. Mimi, mtoto wa Wanging'ombe, niliyepanda Kitonga kila likizo, nikasahau basi. Nilidhani mpiga mbizi ni mtu wa pwani." Mkewe aliongeza kwa niaba yake kwamba, tangu mkasa wa kaka, amekuwa akiwapigia simu wanafunzi wake wa zamani mmoja baada ya mwingine, akiwaomba waongeze swali moja kwa kila anayetoka majini. Swali lenyewe ni kwenu wapi. Akisema Njombe, akisema Makete, Mbeya au Lushoto, azuiwe kwanza, hata kama mama yake amefariki. Hasa kama mama yake amefariki.

Nimelifikiria sana swali hilo wiki hii. Vijana wa nyanda hizi zamani waliondoka wakaenda kwenye chai na misitu ya mbao, kazi zenye hewa ile ile waliyozaliwa nayo. Leo wanachomelea vyuma chini ya bahari na kuchimba madini chini ya ardhi, na huko waliko wanaitwa fundi, kibarua, namba fulani. Mwajiri anajua kijana anachoweza kufanya. Hajui akiitwa nyumbani atapandishwa mpaka wapi. Nasi wa nyumbani hatujui alikoshuka. Tunajua tu kwamba simu imempata, na barabara ya lami ipo, hivyo hana sababu ya kuchelewa. Bibi yangu alisimulia kwamba zamani habari ya kifo ilitembea kwa miguu, na mtu wa mbali alifika kaburi likiwa limeota majani, akalia, akapewa maji, na hakuna aliyemuuliza. Tumeharakisha habari, tumeharakisha magari, lakini mwili umebaki na mwendo wake wa kale. Kilichouingia taratibu kinataka kutoka taratibu. Waliosema kawia ufike hawakuwahi kuiona bahari, nadhani, lakini walimwelewa binadamu.

Tulimzika daktari siku yenye upepo. Walikuja wakulima, wauguzi, na wale wa nyangumi, wakilia kuliko wote. Kaka hakuwepo. Watu wakanong'ona, na aliyenong'ona kwa sauti kubwa zaidi alikuwa mjomba wetu. Kaka alifika baada ya mazishi, nyumba imebaki na wafiwa wachache na baridi. Mjomba hakumpa mkono.

"Umekuja kuona kaburi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Mtu huyu alikubeba mpaka baharini. Kila aliyekuja hapa ameuliza, yuko wapi yule aliyeponywa? Nimwambie nini?"

"Nilikuwa na mtu ndani," akasema kaka.

"Mtu gani?"

"Kijana wa Makete. Alitoka majini anataka kuwahi basi, anakwenda kumwoza dada yake. Wakamuuliza kwenu wapi. Aliposema Makete wakamzuia, akatukana sana. Kabla hajalala mguu ukafa ganzi, tukamwingiza chumbani. Simu ya msiba ilinikuta kwenye koki, mjomba, na mwenzangu alikuwa safarini mpaka jana. Ningempandisha haraka niwahi kuzika, ningemuua."

Mjane wa daktari akainua kichwa. "Anatembea?" akauliza.

"Jana alisimama, mama."

Mjane akaficha uso ndani ya kitenge, na hatukujua ni kilio cha aina gani. Mjomba akasogea kwenye kochi. "Kaa ule," akasema. "Ugali upo."

Sina hakika kama wasomaji wangu watakubali ninachotaka kusema. Tumezoea kupima upendo kwa mbio. Aliyefika kwanza ndiye aliyependa, aliyekosa kaburini hana utu. Mimi tangu siku ile naamini kuna mtu anayechelewa kwa sababu ana mwingine mikononi mwake asiyeweza kuharakishwa, na kwamba kabla ya kumhukumu ni vizuri kumuuliza alikuwa na nani. Elimu ya marehemu haikuwa koti zito kwenye nchi ya joto. Ilihitaji tu mtu wa kuuliza swali, na swali lenyewe halihitaji shahada.

Kaka hakulala. Kijana wa Makete alikuwa bado anatakiwa kurudishwa chumbani, na basi la kushuka lilikuwa karibu kupita. Mjane akamfungia parachichi kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka kizingitini akiwa amemshika mkono usio na fimbo. "Nenda, baba," akamwambia. "Kuna mtu anakungoja." Kaka akainama, akatoka kwenye upepo, na mama akausukuma mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.